Wembe wa Mama Mkwe

Wiki mbili kabla mume wangu hajafa, nilikuwa nawafundisha kidato cha nne, shuleni kwetu Issenye, jinsi Waingereza walivyoishi enzi ya Malkia Victoria. Niliwaambia mjane alivaa nguo nyeusi miaka miwili, saa ya ukutani ilisimamishwa, vioo vikafunikwa, na sherehe zote zikampita. Binti mmoja wa dawati la mbele akashangaa, "Mwalimu, Wazungu nao?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka.

Siku ya nne baada ya mazishi nilikuwa nimekaa mkekani Nyamisangura, nyumbani kwa mama mkwe, nikingoja kunyolewa. Kaka mkubwa wa marehemu alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Shemeji," akasema, "hapa hutoki mpaka mwaka uishe. Shuleni andika barua. Nyumba ya mdogo wangu nitaisimamia mimi."

Nilijua maana yake. Aliposema nyumba alimaanisha na mimi, nirithiwe niwe mke wake. Wazee wawili wa ukoo walikuwa wanatazama sakafu.

"Nywele ninyoeni," nikasema. "Nyeusi nitavaa, maana nilimpenda. Lakini Jumatatu nina wanafunzi wa mtihani. Na mtu wa kunisimamia sijamwomba."

Shemeji akapiga hatua moja ndani.

Mama mkwe alichukua wembe kwenye bakuli la maji, akanishika kisogo, akaanza kuninyoa polepole. Huku ananyoa akazungumza na mwanawe bila kumtazama.

"Baba yenu alipokufa, mdogo wake alisimama hapo hapo uliposimama. Nilikubali kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Wewe ulikuwa mkubwa. Uliona nilivyoishi."

"Mama, hii ni mila."

"Mila ndiyo hii naifanya. Kaa chini."

Hakukaa. Alitoka, tukasikia pikipiki yake ikiwaka na kuondoka kwa hasira. Wembe ulinikata kidogo juu ya sikio. Mama akafuta damu kwa kidole gumba, akaendelea kuninyoa.

Jumapili nilirudi Issenye. Kutoka barabara kuu nilipanda bodaboda, na kila pikipiki iliyotukaribia kwa nyuma nilidhani ni yake. Nilifika nguo imelowa jasho mgongoni. Wiki nzima niliegemeza meza mlangoni kabla ya kulala.

Hakuja. Mwaka ulipoisha, siku ya kuvua nguo nyeusi kule Nyamisangura, shemeji alifika, akakaa mbali na wenzake, akala, akaondoka bila kunisalimia. Mama mkwe alikuwa amefunga mizigo yake tayari. Sasa anaishi na mimi, na tunagombana karibu kila siku kuhusu chumvi kwenye mboga.