Kompyuta ya Mama Kwanza

Kama hakuna aliyenikatalia, mbona hakuna aliyenipa kompyuta yake?

Swali hilo nilitembea nalo wiki nzima, katika ofisi ya shirika letu la afya mjini Homa Bay. Kompyuta zote za mezani, za Homa Bay, za Migori na ile moja ya kisiwa cha Mfangano, zilitakiwa kuhamia mfumo endeshi mpya kabla ule wa zamani haujaacha kupokea masasisho ya usalama. Mkataba wangu ulikuwa mfupi. Kazi ikikwama, haungeongezwa.

Mpango wangu ulianza kama tulivyofundishwa chuoni: jaribu kwanza kwenye kompyuta ambayo ikiharibika hakuna atakayelia. Hiyo ilikuwa ya mapokezi. Ya mwisho ilikuwa ya mtunza stoo ya dawa, mkongwe wa ofisi, ambaye kila mtu alimwita Mama. Hesabu ya dawa za zahanati zetu zote ilikaa humo.

Dada wa mapokezi alinipokea kwa tabasamu kila asubuhi. "Leo nina wageni. Kesho, dada." Kesho yake akawa na ripoti. Nikamgeukia wa meza ya pili, naye akaumwa jino.

Ijumaa nikamkalia mezani. "Niambie ukweli. Unaogopa kupoteza mafaili?"

"Mafaili gani? Mimi nina picha za harusi ya binamu yangu tu."

"Sasa?"

Akachungulia mlangoni. "Wewe binti wa mjini, nyar Migori, unataka nipande kabla ya Mama?"

Mimi ni mtoto wa duka. Baba aliuza vitambaa Migori mjini, na dukani anayetangulia kufika ndiye huhudumiwa. Ikabidi nielezwe kwamba katika boma la Kijaluo mke mkubwa hutia mbegu ya kwanza ardhini, kisha wa pili, kisha wengine.

"Lakini hii ni kompyuta, si mahindi. Na wewe umeokoka!"

"Yesu hajanikataza kungoja."

Nikaenda stoo na hoja zangu. "Mama, umewakataza watu?"

"Mimi? Nimkataze nani, nyathina, mwanangu? Kila mtu ana mikono yake." Akaendelea kumenya karanga. "Ila nasikia yangu ni ya mwisho. Kwani nimekuwa mgeni hapa?"

"Ni ya mwisho kwa sababu ndiyo muhimu kuliko zote."

"Ni wapi huko mtu muhimu hupakuliwa mwisho?"

Nikaigeuza orodha yangu: ya Mama ikawa ya kwanza.

Nilinakili kila kilichokuwa kwenye kompyuta yake, nikanakili tena, kisha nikamsogezea kipanya. Akafuta vidole kwenye kitenge, akabonyeza mwenyewe. Ofisi nzima ikapata sababu ya kupita mlangoni. Duara dogo lilizunguka kwenye kioo mchana kutwa, naye hakutoka hata kwenda kula. Ilipowaka, dawa zake zote zilikuwepo, lakini printa ikagoma. Nikachomoa waya, nikachomeka tena.

"Imenuna tu," Mama akawaambia waliochungulia. "Mgeni hajazoea nyumba."

Kabla hatujafunga ofisi nilikuwa nimepata tiba ya printa, na tiba hiyo ndiyo iliyoniokoa kwenye nyingine zote. Maana Jumatatu nilikuta watu wamejipanga mlangoni kwangu, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Sikuuliza. Karani wa Mfangano alipiga simu mwenyewe kutaka kujua nitavuka lini. Mkataba ukaongezwa.

Mama alistaafu. Miaka kadhaa baadaye nilikwenda kumsalimia kwake, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha. Nilimkuta barazani anamenya karanga, jembe limeegemea ukuta, beseni la mbegu miguuni.

"Mama, mbona hupandi?"

"Bado wenzangu," akasema, akielekeza kidevu kwenye nyumba mbili za juu.

Alikuwa mke wa tatu. Tangu aolewe, hakuwahi kupanda wa kwanza.