Sekunde sita za mlango

Maboksi yaliyonyeshewa nje ya duka hapa katikati ya jiji yananukia kama mchezo wetu wa utotoni kule Uthiru. Kaka yangu na mimi tuliuchora kwenye katoni, tukawa tunatupa dadu na kukatana vichwa kwa maneno mchana kutwa. Shujaa wangu alitema moto. Wake alikuwa na nguvu moja tu: kuzuia mlango kwa sekunde sita.

"Hiyo power ni ya bure," nilimwambia. "Sekunde sita zitakusaidia na nini?"

"Wewe tupa dadu."

Siku moja wazazi walikuwa kazini mdogo wake baba alipoingia uani na panga.

"Hii shamba ni ya baba yangu! Leo mtatoka!"

Alimkata mbwa wetu mara mbili. Kaka alifunga mlango, na kwa kuwa komeo lilikuwa limelegea, akalishikilia kwa mkono wa kulia.

"Pitia dirisha!"

Panga lilipasua mbao. Nilikimbilia kwenye mahindi nikihesabu, na nilipofika sita nikamsikia kaka akilia.

Bado tunacheza nikimtembelea. Moto huniachia mimi. Dadu huzitupa kwa mkono wa kushoto.