Mama Pasi na Kazi Ngumu ya Kupumzika

Saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado halijapata nguvu, Mama Pasi ameketi kwenye stuli ndefu nyuma ya duka la dobi, taulo lililoloweshwa maji baridi shingoni, ananyoosha shati jeupe. Pasi inapita kwenye kola, inashuka mgongoni, inageukia mikono. Mlangoni amesimama mtaalamu wa mazoezi tiba, daftari kwapani.

Leo anapimwa. Mwenye duka amemtunzia meza yake miezi mitano na amesema wazi: mtaalamu akiridhika, mama anarudi kazini, asiporidhika, meza inapata mtu mwingine.

Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alinyoosha mashati arobaini kwa siku, kwa kusimama, mdomo ukifanya kazi kuliko mikono. Kisha mguu ukaanza kuburuta, macho yakaingia ukungu. Wateja wakanong'ona kwamba amelewa.

"Ningekuwa nimelewa, ningemjua aliyeninunulia," anasema.

Hospitali ikagundua ni multiple sclerosis: kinga ya mwili wake inashambulia mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Akaambiwa joto humzidishia dalili. Mtu wa pasi huyo. Akacheka mpaka daktari akadhani hajaelewa.

Mazoezi aliyapenda: kunyanyua miguu, kukaa na kusimama, kutembea akishika ukuta. Ila akiambiwa mara kumi, anafanya thelathini, na jioni kikombe kinamshinda. Mtaalamu akampa agizo jipya: dakika ishirini za kazi, kumi za kupumzika, kabla uchovu haujabisha hodi.

Hapo ndipo alipopatikana. Nyumbani aliwekewa saa ya jikoni yenye kengele, na mlinzi, ambaye ni wifi yake. Wifi anasimulia kwamba siku ya kwanza alimkuta mgonjwa katulia kitandani kama malaika, shuka hadi kidevuni. Alipolifunua, akakuta anakunja soksi za nyumba nzima.

"Wifi, wewe tutakuzika na kapu la nguo," alimwambia.

"Basi liwe la nguo safi."

Wakanuniana siku mbili. Ya tatu, baada ya kuruka mapumziko yote, Mama Pasi alianguka bafuni. Wifi akamwinua, akamfuta uso, akamlaza, bila kumtania hata neno moja. Kimya kile, anasema Mama Pasi, kilimtisha kuliko sakafu.

Dukani, kengele ya saa ileile ya jikoni inalia: dakika ishirini zimekwisha. Shati limebaki mkono mmoja, kazi ya dakika moja tu. Mama Pasi analitazama kama mtu anayenyang'anywa sahani. Kisha anazima pasi, anaegemea ukuta, anafumba macho.

Mwenye duka anauliza kama asingelimaliza kwanza.

"Kunyoosha anajua tangu zamani," mtaalamu anamjibu, akifungua daftari. "Nilikuja kuona kama ataliacha."

Anaandika kwamba mama ataanza Jumatatu, asubuhi tu, mashati kumi na mawili. Wifi, aliyemsindikiza, anageukia ukutani, anajipangusa macho kwa kanga, anasingizia mvuke.

Mwandishi wa habari hii anamuuliza Mama Pasi ana mpango gani sasa. Hafumbui macho.

"Kufika mashati ishirini, na kuja hapa kwa miguu yangu. Mengine niulize baada ya dakika sita," anasema. "Niko kazini."