Kijiti Namba Arobaini na Saba

Bagira, mtaa ulio mlimani nje ya mji, kuna kituo kinachoitwa Gare, yaani stesheni ya treni kwa Kifaransa. Ukipanda kombi mjini ukamwambia dereva "Gare", atakushusha bila kuuliza mbele ya mti mmoja mnene, karibu na nyumba ya matofali yenye ukuta uliopinda. Usitafute reli. Hakuna reli Bagira, hakuna kibanda cha tiketi, wala honi ya treni haijasikika hapo tangu dunia iumbwe. Ni jina tu. Mwenye nyumba hiyo, mama Domitille, hulisikia likipigiwa kelele dirishani kwake kutwa nzima, na kila mara hasira humpanda upya. Simlaumu hata kidogo.

Mambo yalianza mwaka 1974. Domitille alikuwa mpishi katika shule ya bweni ya masista kule Ibanda, mjini. Kwenye kitambulisho aliandikwa Citoyenne, yaani Raia, M'Cirhuza, maana miaka ile Serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo. Jikoni masista walimwita Domitille kwa kunong'ona, na nyumbani mumewe alimwita hivyohivyo kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. Mume huyo aliitwa Venant, fundi mwashi. Alikuwa amejenga nyumba za wakubwa kwa miaka ishirini, na watu walisema hahitaji timazi: akifumba jicho moja na kuutazama ukuta, anajua kama umesimama sawa. Yeye mwenyewe alilala katika nyumba ya udongo.

Hakuridhika nayo. Kila Jumamosi, akishamaliza Salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia na kulima kwa ajili ya Serikali, alifyatua matofali yake na kuyachoma. Alitaka jambo moja tu maishani: kulala ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Msingi ulikuwa tayari na mistari minne ya matofali imeshapanda, siku walipofika wanaume wanne na chombo cha kupimia ardhi chenye miguu mitatu na fungu la vijiti vyekundu. Kijiti cha arobaini na saba walikigongomea katikati ya sebule ya Venant.

Kiongozi wao, mtu wa ofisi ya usafiri ambaye mtaani bado aliitwa Honoré, alikuwa amevaa abakosti, ile suti ya Serikali isiyo na tai, ya kijivu na iliyopigwa pasi vizuri.

"Papa, hapa treni itapita," alisema. "Usiongeze hata tofali moja. Serikali itakulipa, utajenga fasi ingine."

"Itapita siku gani?"

"Karibuni, papa. Karibuni."

Venant alikaa juu ya matofali yake. Domitille, yeye, alifurahi! Honoré alikuwa amemwambia kwamba kutoka Bagira mpaka Ibanda treni itatumia dakika kumi na mbili. Dakika kumi na mbili! Angeamka jua likiwa limetoka, kama masista wenyewe. Jioni ile alimbembeleza mumewe, "Acha ipite, Venant. Tutajenga na ile feza ya Serikali, tena kubwa kuliko hii." Leo akikumbuka maneno hayo hujipiga kifuani kwa hasira, maana nusu ya hasira yake anajielekezea mwenyewe.

Wakati huo palikuwa na basi. Lilikuwa kuukuu na lilitoa moshi mweusi, lakini lilipita Bagira mara tatu asubuhi na mara tatu jioni, na mfanyakazi wa kawaida aliweza kulipanda bila kuumiza kichwa. Machi 1975 halikuja. Watu walisubiri mpaka saa mbili, kisha mtu mmoja akaona karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo: basi limeondolewa, kwa sababu treni inakuja. Barabara nayo haitatengenezwa tena, kwa sababu reli itaikata. Aliyeandika karatasi ile alikuwa na gari, na gari lilikuwa na dereva, na dereva alimfungulia mlango.

Basi Domitille akatembea. Saa moja na nusu kwenda, na kurudi zaidi ya hapo kwa sababu ya mlima. Alitoka saa kumi alfajiri, viatu mkononi ili visiharibiwe na matope, akafika jikoni, akawasha moto wa chakula cha watoto mia mbili. Venant naye alitembea. Mwaka ule alikuwa akijenga nyumba kubwa ya mkurugenzi wa ofisi ileile ya usafiri, kule Ibanda kando ya ziwa, na akichelewa kwa robo saa alikatwa mshahara wa siku nzima. Umenisikia vizuri: walimwondolea basi, kisha wakamwadhibu kwa kuchelewa.

Kila Juni Honoré alikuja na gari la ofisi, jipu, kukagua kijiti. Mwaka wa pili akakuta mchwa wamekila.

"Piquet ni mali ya Serikali," alisema kwa ukali. "Mutatengeneza ingine."

Venant alikata fimbo kwenye ua wake, akaichonga, akaipaka rangi nyekundu, akaandika 47 kwa mkono wa fundi, akaichomeka palepale. Lakini ilikuwa fimbo ya ule mti wa uani ambao ukiuchomeka ardhini unashika. Mvua zilipoanza, kijiti kikatoa majani. Juni iliyofuata Honoré alikizunguka, akakuna kichwa, akaandika kwenye daftari kwamba piquet iko. Mwaka uliofuata ilikuwa na matawi.

"Niikate?" Venant aliuliza.

"Kukata? Hapana, papa! Ile ni piquet."

Bagira nzima ilicheka. Walimwambia Domitille treni yake imeota mizizi. Kombi za watu binafsi zilipoanza kupita, zilisimama kwenye kivuli hicho, na vijana wa mlangoni wakaanza kuita "Gare! Gare!" Nauli ilikuwa ya mwenye gari: mvua ikinyesha inapanda, siku ya soko inapanda, na ukilalamika unaambiwa ungojee treni. Domitille aliendelea kutembea. Matofali ya Venant yalilala chini ya nyasi, na kila baada ya mvua aliyafunika upya, moja moja, kwa uangalifu.

Jumapili moja ya Novemba 1983, baada ya misa, Venant alijilaza kupumzika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Ukuta wa udongo upande wa kitanda ulilegea, ukamwangukia. Walimtoa akiwa hai, lakini mkono wa kulia ulikuwa umevunjika kiwiko, na plasta ilipoondolewa mkono ulibaki umekunjika. Daktari alimwambia asiinue tena kitu kizito. Tofali ni kitu kizito.

Domitille aliomba ruhusa kwa masista akaenda ofisi ya usafiri. Hakwenda kugombana. Alitaka kibali cha chumba kimoja tu cha matofali, cha kukaa wakati wakiisubiri treni. Nyuma ya meza alimkuta Eulalie, karani, aliyesoma kwa masista na kula maharagwe ya Domitille miaka sita.

"Maman Domitille! Karibu, ikala."

Domitille akaeleza. Eulalie alimsikiliza, uso ukabadilika. Akanyanyuka, akafunga mlango, akatoa jalada lenye vumbi.

"Maman, nitakusomea. Lakini usiseme ni mimi."

Palikuwa na barua mbili. Ya kwanza ya tarehe tatu Machi 1975: kwa kuwa watu wa Bagira watapelekwa kazini kwa treni, basi halina kazi tena, liondolewe. Ya pili ya tarehe kumi na saba Julai, mwaka uleule: kwa kuwa watu wa Bagira wanahudumiwa vizuri na basi, treni haihitajiki, mradi ufungwe.

"Soma tena," Domitille alisema.

Eulalie akasoma tena.

"Signature ni ya nani?"

"Ya mukurugenzi. Zote mbili."

"Alisahau?"

"Miezi ine tu, maman. Sijui kama alisahau ao hakuangalia."

"Na Honoré? Anakuyaka kila mwaka juu ya nini?"

Eulalie aliinamisha macho. "Banamutumaka kuangalia piquet. Iko na jipu, iko na feza ya safari. Hakuna mutu alimwambia aache, na yeye hakuuliza."

Miaka minane! Miaka minane mwanamke yule alitembea matopeni kwa ajili ya treni iliyokufa kabla ya viatu vyake vya kwanza kuisha, na mumewe akilinda kwa uaminifu kijiti cha maiti. Domitille alifungua mlango, akasimama katikati ya ukumbi, na sauti ikamtoka ambayo hakujua anayo.

"Mulikula mukono ya bwana yangu! Munasikia? Muliukula!"

Makarani walitoka kutazama. Mwisho wa ukumbi mlango wa mkurugenzi ulikuwa wazi kidogo. Ukafungwa, polepole, bila kelele.

Jumamosi iliyofuata Domitille alifunua matofali, akaanza msingi mpya kando ya ule mti. Venant alikaa juu ya kigoda na kumwelekeza kwa mkono wa kushoto: maji kidogo, mchanga zaidi, gonga hapo, usigonge hapo. Domitille alijenga kila alipopata nafasi, vidole vikichubuka, mpaka Juni, jipu lilipofika na Honoré akashuka akiwa na daftari.

"Citoyenne! Uko nafanya nini? Unajenga mu njia ya treni?"

Domitille hakushuka kwenye ngazi. "Treni iko nakuya?"

"Ndiyo, inaku…"

"Basi ikifika, ipige hodi. Tutaifungulia." Akachukua tofali lingine. "Ama usome barua ya tarehe kumi na saba Julai, mwaka wa soixante-quinze. Najua mwenye kuiandika. Na wewe unamujua."

Honoré alimtazama, akautazama mti. Akafungua daftari, na mimi naapa hiki ndicho alichofanya: akaandika kwamba piquet iko. Kisha akapanda jipu akaenda zake.

Nyumba iliezekwa Agosti. Jioni ya kwanza Venant alisimama mbele ya ukuta wa kushoto, ule ambao Domitille aliujenga kwanza, kabla hajajua kazi. Akafumba jicho moja. Alilifumba kwa muda mrefu.

"Inanyooka, Domitille," alisema.

Katika kazi yake yote hakuwahi kuuita mnyoofu ukuta uliopinda, hata mbele ya padri, hata alipoahidiwa bia. Domitille alielewa. Alienda nyuma ya nyumba akalia, si kwa huzuni, kwa ghadhabu, huku barabarani kombi ikiita "Gare! Gare!"

Ile nyumba ya mkurugenzi bado ipo Ibanda, kando ya ziwa. Kuta zake zote zimenyooka. Venant ndiye aliyezijenga, akienda huko kwa miguu.