Mialoni ya Vestine

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa wanne. Alikuwepo Chef Anastase, fundi wa misitu na mkubwa wetu wa kazi; Mzee Karoli, mlinzi wa msitu; Vestine, mtoto wa dada yake Karoli; na mimi Zubeda, niliyeletwa na Vestine kwa kuwa tuliwahi kufua pamoja nguo za watu kule mtaa wa Kiyovu.

Kazi yetu ilikuwa kupima kiu ya miti. Wajukuu zangu hucheka nikisema hivyo, basi nieleze. Kilimani juu ya Gatsata kulikuwa na mialoni, miti ya kigeni iliyopandwa zamani. Haipukutishi majani. Masika ni kijani, kiangazi ni kijani, kwa hiyo kwa macho huwezi kujua inateseka. Tulikata jani, tukalifungia haraka ndani ya chuma kizito tulichokiita marmite, kama sufuria ya jikoni, kikonyo kikichungulia nje kwenye tundu la mfuniko. Chef alifungulia gesi kidogo kidogo. Mimi nilishika lenzi. Tone la maji likitokeza kwenye kikonyo nasema "tayari", naye anasoma mshale wa kipimo cha gesi. Mti wenye kiu hung'ang'ania maji yake, na hapo gesi huhitajika nyingi.

Kiangazi kimoja mvua zilichelewa mno. Miti mitatu ya juu, tuliyodhani ina hali mbaya kuliko yote, ikatoa tone upesi kama vile ni masika. Chef akabadilisha mpira wa mfuniko, akapima tena. Vilevile. Akasema chombo kimeharibika, vipimo vya msimu mzima ni vya kutupa. Vestine akaweka kisu chini.

"Chombo ni kizima, Chef. Miti hiyo nimeinywesha mimi, kila jioni."

"Ndiyo maana madumu yangu hayaonekani," akasema Mzee Karoli, lakini hakucheka. Vestine alikuwa kibarua, mjane mwenye watoto, na kibarua hufukuzwa kwa neno moja. Chef akamuuliza alikuwa anafikiria nini.

"Mliniambia ni kazi ya miti. Hakuna aliyeniambia niitazame ikifa na kiu huku tunaipima."

Chef akakaa juu ya jiwe. Nilidhani anatafuta namna ya kumfukuza.

"Vestine, ukimpa mgonjwa uji kwa siri, mimi nitajuaje anaumwa nini?"

Kisha akanituma rangi. Miti ile ikapigwa mstari mweupe: hiyo iendelee kunywa, Vestine aimwagilie mchana, watu wote wakiona, na mingine iachwe na kiangazi chake. Kwa kulinganisha ndipo tulipojua ukame peke yake unauma kiasi gani. "Sasa utapandisha maji kutoka bondeni mpaka ustaafu," akamwambia. Na alipandisha kweli, bila kulalamika.

Mimi nilistaafu baada yake. Naishi Kimironko kwa binti yangu, na jua likikaza hunijia harufu ya majani yale mabichi, nikawakumbuka. Wote watatu wametangulia. Nimebaki peke yangu wa kusema miti ilikuwa mitatu. Kama yupo mtoto wa Vestine anayesoma hapa, na alimsikia mama yake akitaja mingine aliyoinywesha, aje anisahihishe. Nitamwamini mama yake.