Ugomvi wa Jikoni

Mtangazaji wa redio ya Moroni alisema wimbo wangu si muziki, ni ugomvi wa jikoni. Nilikuwa namnyonyesha binti yangu. Sikumtoa kwenye titi, redio niliizima kwa kidole cha mguu.

Kaseti yetu ilikuwa na gambusi lililochapwa kama punda mkaidi, gitaa la umeme linalokoroma kwenye spika iliyochanika, ngoma, na sauti yangu. Wimbo wenyewe ulimhusu mamluki mmoja, askari wa kizungu aliyenisimamisha njia ya Itsandra, akalipiga teke kapu langu la mihogo, akacheka. Mtangazaji alilaumu gambusi, akalaumu sauti, akalaumu hata kilio cha mwanangu kilichoingia katikati. Teke hakulitaja. Mwoga!

Shemeji yangu, mpiga gambusi, akanywea.

"Shemeji, kwenye kaseti za kuuza Nzwani tuutoe wimbo huu. Tuweke wa harusi."

"Tuutoe? Teke nilipigwa mimi au wewe?"

"Lilipigwa kapu."

"Basi kaimbe na kapu."

Nikaichukua kaseti, nikampakata mwanangu kwenye ndege hadi Ouani, kisiwani Nzwani, maana binamu yangu alikuwa anaolewa Mutsamudu, mji wa jirani. Kwenye ua wa nyumba yao, wanawake wakipasha tari zao motoni ili ngozi zikaze, nikaiweka kwenye redio kaseti.

"Mwanangu," akasema mama mdogo, "hii ngoma au kuku anachinjwa?"

Wakacheka, wakaiga na lafudhi yangu ya Moroni. Lilipofika teke, kicheko kikakatika. Bibi mmoja aliyejifunga shiromani, vazi la wanawake wa kisiwa kile, akasema, "Rudisha."

Nikarudisha. Mara ya tatu tari zikaingia. Kule, wimbo wa harusi haumalizwi na aliyeuanza. Kila mwanamke hutia ubeti wake. Mmoja akatia ndoo yake iliyopigwa teke kisimani. Mwingine mlango wake. Yule bibi akamtia mwanawe, na tari zikapigwa kwa nguvu zaidi. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, palepale wimbo wangu ulipoishia.

Niliporudi Moroni nilimketisha shemeji, nikamwekea. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akalivuta gambusi, akakaza nyuzi.

"Wana kasi hawa," akasema. "Mwanzoni sisi tunajikokota."

"Mnajikokota nyinyi."

"Haya, shemeji. Tuurudie. Na mtoto?"

"Mtoto abaki. Analia kwa kufuata mpigo kuliko wewe."