Nthenya na Maswali Aliyoyarudia

Kwa miaka sita Nthenya alikuwa kibarua kwenye meza ya oda ya ghala moja la unga na mafuta huko Industrial Area, Nairobi. Kibarua, yaani ukiugua hulipwi, na msimamizi akiamka vibaya unaambiwa kesho usije. Kazi yake ni kupokea simu za wenye maduka huku forklift ya kubebea mizigo ikinguruma mgongoni, na sheria ya pale ni moja: ulichoambiwa, kirudie kwa sauti kabla hujasema lingine. La sivyo unga wa mtaa wa Umoja unaishia Kayole. Mazoea hayo yalimwingia hata nyumbani. Ukimtuma chumvi, anakuambia kwanza, "Chumvi, pakiti moja," ndipo aende.

Basi kazi ya meza ileile ikatangazwa, safari hii ya kudumu. Nthenya aliitaka kuliko kitu chochote. Usaili ulikuwa wa video, naye akaketi chumbani mwake katika mtaa wa Tena, blauzi imepigwa pasi, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Aliyemhoji ni Shirleen wa ofisi kuu, ambaye hakuwahi kuonana naye.

"Tueleze siku ambayo mteja alikukasirikia. Ulifanya nini?"

"Siku ambayo mteja alinikasirikia, nilifanya nini," Nthenya akarudia, akatazama juu kidogo, kisha akajibu bila kukwama. Swali la pili vivyo hivyo. La tatu, Shirleen akavua miwani.

"Nthenya, nani anakusomea majibu?"

"Nani ananisomea majibu? Hakuna, madam."

Ungekuwepo ungetamani kumziba mdomo.

"Wiki hii yote nashika watu wanaosomewa majibu na AI. Wanarudia swali ndio mashine isikie, wanangoja, halafu majibu yanamwagika. Zungusha simu nione hiyo nyumba."

Akazungusha. Vikaonekana kitanda, mabeseni, nguo za ndani kwenye kamba, na mama yake, aliyekuja kutoka Kitui kwa ajili ya kliniki, akijifunika leso haraka haraka. Mashine hakuna.

"Ni mazoea ya kazi, madam. Uliza huko ghalani."

Shirleen akasema asante, watawasiliana. Jioni ikaja meseji kwamba hakufaulu. Ghalani hakuulizwa mtu. Inaudhi, tena sana.

Jumatatu akaletwa Jackton, aliyeipata kazi ile, mtanashati wa shati jipya, na msimamizi akamwambia Nthenya amwonyeshe kazi. Jackton hakuwa mtu mbaya. Wakinywa chai alimwambia wazi, huku akicheka:

"Siz, hiyo interview AI ndio ilinifanyia. Mimi nilikuwa nasoma tu kwa laptop. Kwani wewe hukutumia?"

Nthenya alikasirika. Maneno alikuwa nayo, lakini yote yalikuwa ya kumfukuzisha hata kwenye hicho kibarua. Akayameza.

Simu ikalia. Jackton akaipokea, na mara uso ukamshuka. Alikuwa Batulo, mwenye duka Umoja, akifoka hadi Nthenya akamsikia: mzigo haujafika na wateja wamejaa mlangoni. Jackton akaziba simu kwa kiganja, akamnyooshea Nthenya.

"Siz, huyu amewaka. Namwambia nini?"

Nthenya aliitazama simu ile. Yeye na Batulo walijuana vizuri. Neno moja tu kutoka kwa Nthenya lingemtuliza.

"Wewe ndiye umeajiriwa," akasema. "Jibu."